Chaya: Mboga ya Mwaka Mzima Isiyoliwa Mbichi

Kiangazi kikikaza, mchicha hunyauka na bei ya mboga sokoni hupanda. Chaya huendelea kuchipua. Kichaka hiki chenye asili ya rasi ya Yucatán, Mexico, sasa kinaonekana katika bustani nyingi za Tanzania na Kenya, na kinastahili kupandwa kila nyumba yenye kiwanja. Majani yake yana protini, kalsiamu, madini ya chuma na vitamini A na C kwa wingi. Hata hivyo, yakiwa mabichi yana sumu.

Chaya na muhogo ni mimea ya jamii moja. Ndani ya majani yake mna linamarini, kemikali ileile iliyomo kwenye kisamvu. Jani linapokatwa, kupondwa au kutafunwa, kimeng'enya chake hukutana na linamarini na kuzalisha sianidi, sumu inayozuia seli za mwili kutumia oksijeni. Ndiyo maana juisi ya chaya mbichi, ambayo wengi huisifu kwamba inaongeza damu, ni ya hatari. Mashine ya kusagia huharakisha kutengenezwa kwa sumu, na hakuna moto wa kuiondoa.

Chuma majani machanga, yaoshe, yakatekate, kisha yachemshe kwa maji mengi dakika 20 bila kufunika. Sianidi hugeuka gesi upesi na kutoka na mvuke, na linamarini iliyobaki huyeyukia majini, kwa hiyo yamwage maji hayo. Tumia chungu au sufuria ya stili, maana haishauriwi kupika chaya kwenye aluminiamu. Kisha unga kwa karanga au tui la nazi.

Chaya hupandwa kwa pingili. Kata shina lililokomaa, sentimeta 20 hadi 30, uliache kivulini siku chache mpaka utomvu ukauke, la sivyo litaoza ardhini. Panda mahali pasipotuama maji. Mwanzoni hukua polepole, basi subiri karibu miezi sita kabla ya kuvuna, na usichume zaidi ya nusu ya majani kwa mara moja. Pogoa kichaka kisipite kimo chako. Baadhi ya aina zina vinyweleo vinavyowasha, hivyo vaa glavu unapochuma. Vikipikwa haviwashi tena.

Jirani akikuomba pingili, mpe, na umfundishe kuipika kabla hajaondoka nayo.