James Ruse: Mwizi wa Saa Aliyegeuka Mkulima



Katika mabaraza yetu ya ugenini huzuka mara kwa mara habari ya kijana fulani aliyekamatwa na polisi. Tukishaisikia, wengi wetu hutikisa vichwa na kusema, "Huyo amekwisha." Tumeonelea mwezi huu tusimulie kisa cha mtu ambaye sheria yenyewe iliwahi kusema kuwa amekwisha.

James Ruse alizaliwa mwaka 1759 huko Cornwall, kusini-magharibi ya Uingereza. Mwezi wa Julai 1782 alihukumiwa mjini Bodmin kwa kosa la kuvunja nyumba na kuiba saa mbili za fedha zenye thamani ya pauni 5. Adhabu ya kosa hilo zama hizo ilikuwa kifo. Akapunguziwa, ikawa miaka 7 ya kuhamishwa ng'ambo. Na mahali palipotajwa kwanza palikuwa Afrika! Uingereza ilikuwa imezoea kuwapeleka wahalifu wake Marekani, lakini vita vya uhuru vya huko vilikuwa vimeufunga mlango huo, na serikali ilikuwa ikitafuta pengine pa kuwatupa.

Ruse hakufika Afrika kutumikia adhabu hiyo. Alikaa miaka kadhaa ndani ya merikebu kuukuu iliyofanywa gereza mjini Plymouth. Kisha, Mei 1787, akapakiwa katika merikebu Scarborough, mojawapo ya merikebu 11 zilizobeba wafungwa zaidi ya 700. Zilipitia Tenerife, Rio de Janeiro na Rasi ya Tumaini Jema, zikafika Australia Januari 1788. Kati ya mwaka huo na 1868, wafungwa wapatao 162,000 walifuata njia hiyo ya bahari.

Huko njaa iliwakabili. Ngano ya kwanza haikustawi, na wachache mno waliujua ukulima. Ruse, aliyekulia shamba, alidai mwaka 1789 kwamba kifungo chake kimekwisha, akaomba ardhi. Karatasi za kuthibitisha dai lake hazikuwako. Hata hivyo Gavana Arthur Phillip alikubali kumjaribu. Mwezi wa Novemba akapewa kipande cha ardhi huko Parramatta, akafyekewa sehemu, akajengewa kibanda, akapewa mbegu na zana.

Hakuwa na plau wala samadi ya kutosha. Alichoma magogo, akachanganya majivu na udongo, akalima kwa jembe la mkono, akafukia majani, akauacha udongo upigwe na jua, kisha akaulima tena kabla ya kupanda. Makapi ya ngano aliyaozesha mashimoni yawe mbolea. Mwezi wa Septemba 1790 alimwoa Elizabeth Perry, naye pia mfungwa. Februari 1791 Ruse alitangaza kuwa hahitaji tena posho ya ghala la serikali. Akamilikishwa ekari 30, hati ya kwanza ya namna hiyo katika koloni.

Haki yatulazimu kusema na upande wa pili. Ardhi ile haikuwa ya gavana kuigawa. Ilikuwa ya watu wa Burramattagal, ambao jina la Parramatta limetokana nao, na hakuna aliyewataka idhini. Neema ya mmoja ilikuwa msiba wa wengine.

Wala Ruse hakuishia kuwa tajiri. Mwaka 1793 aliliuza shamba lake kwa pauni 40, akahamia bonde la Hawkesbury, na uzeeni alikuwa msimamizi katika shamba la mtu mwingine. Alifariki mwaka 1837. Jiwe la kaburi lake lilichongwa maneno yenye makosa mengi ya tahajia, yakieleza kuwa yeye ndiye aliyepanda nafaka ya kwanza. Leo shule mashuhuri ya kilimo mjini Sydney ina jina lake.

Wazee wetu walisema kuvunja koleo si mwisho wa uhunzi. Ruse hakubadilishwa na merikebu wala minyororo. Wengi walisafiri naye wakabaki walivyokuwa. Alipata mtu wa kumwamini, kipande cha ardhi na jembe, naye akalishika. Basi kijana wetu atakapofunguliwa mlango wa gereza, tujiulize: je, atamkuta nani nje akimngoja, na ameshika nini mkononi?