Usimchape kwa michoro ya pembeni ya daftari

Kuna kosa la mtoto wa shule ambalo nyumbani huweza kusemwa wiki nzima: kujaza vikatuni kwenye pembe za daftari la hesabu. Mzazi wa Mbinga aliyesubiri hela ya kahawa ndipo anunue madaftari, au mama wa Mbamba Bay aliyeuza dagaa kwa sababu hiyohiyo, akiviona hasira humpanda. Fimbo huwa haiko mbali.

Kabla ya kuishika, chukua daftari hilo, libane mgongoni, kisha ziachie kurasa kwa kidole gumba zipite harakaharaka. Huenda ukamwona mtu anakimbia au samaki anaruka juu ya maji. Basi mwanao ametengeneza katuni, bila umeme wala bando.

Mchezo huu una nafasi yake katika somo la Sanaa na Michezo shule ya msingi, na vifaa vyake ni boksi tupu, penseli, mkasi na uzi. Ufukweni mwa Ziwa Nyasa, uzi wa nyavu unatosha kabisa.

Watoto wengi wanakijua tayari kifaa kinachokaribiana na hiki: kizibo cha soda kilichopondwa kwa jiwe hadi kikawa bapa, kikatobolewa matundu mawili na kupitishwa uzi, ukivuta na kulegeza kinavuma. Badala ya kizibo, weka duara la boksi. Chora mtumbwi upande mmoja na mvuvi upande wa pili, kisha zungusha. Mvuvi ataonekana ameketi ndani ya mtumbwi.

Kuna siri moja tu. Uzi ukiwa kushoto na kulia, picha ya nyuma ichorwe kichwa chini ukilinganisha na ya mbele. Mwalimu akisahau kusema hilo, darasa zima litakuwa na wavuvi waliosimama kwa vichwa. Kifaa hiki kilijulikana London tangu mwaka 1825, na aliyekitangaza, John Ayrton Paris, alikuwa daktari wa tiba.

Kwa kitabu cha kupeperusha, karatasi 20 hadi 30 ndogo zinatosha kuonyesha mnandi akipiga mbizi, au tunda la kahawa likikua kutoka ua hadi kuwa jekundu. Mtoto aanzie ukurasa wa mwisho kuja mbele, ili mchoro uliotangulia uonekane kwa chini na ausogeze kidogo tu. Kazi hii inataka subira. Mtoto anayeparamia kila kitu anaweza kukaa nayo mchana kutwa.

Kwa nini picha zilizotulia zinaonekana kutembea? Jicho likipewa picha zinazofanana, zikifuatana upesi, ubongo huziunganisha na kuziona kama mwendo mmoja. Filamu za sinema hutumia picha 24 kwa sekunde. Joseph Plateau wa Ubelgiji alilionyesha jambo hilo mwanzoni mwa miaka ya 1830 kwa sahani ya karatasi yenye picha kuizunguka na mianya myembamba. Unasimama mbele ya kioo, unaizungusha, unachungulia kupitia mianya.

Plateau huyo anawahusu wazazi kwa sababu nyingine. Mwaka 1829, akichunguza macho, alilikodolea jua kwa sekunde 25. Miaka ya 1840 akapofuka kabisa. Kwa muda mrefu ilisemwa jua ndilo lililompofua, ingawa baadaye wataalamu walitaja ugonjwa ndani ya macho. Vyovyote iwavyo, jua huunguza sehemu ya ndani ya jicho, tena bila maumivu. Mtoto akichungulia kwenye mianya aelekee kioo au ukuta, kamwe si jua. Na mwenye kifafa aangaliwe kwa karibu, kwa kuwa mwanga unaopepesa haraka huweza kuamsha degedege kwa baadhi ya wagonjwa.

Faida yake kubwa zaidi huenda ikawa hii: mchezo huu humpa mzazi nafasi ya kuyatazama macho ya mwanawe. Je, anasogeza kitabu hadi puani? Anafumba jicho moja, anainamisha kichwa, anakunja uso? Mtoto mwenye jicho dhaifu mara nyingi hasemi, maana hajui kwamba wengine wanaona tofauti. Jicho likiachwa hivyo, ubongo huzoea kulipuuza, na matibabu hufanya kazi vizuri zaidi yakianza mapema, hasa kabla ya miaka 7 au 8. Si kila anayekunja uso ni mgonjwa, lakini kumpeleka kituo cha afya akapimwe ni bora kuliko kumwita mzembe.

Na simu? Shirika la Afya Duniani lilishauri mwaka 2019 kwamba watoto wa chini ya miaka miwili wasiwekwe mbele ya skrini kabisa, na wa miaka 2 hadi 4 isizidi saa 1 kwa siku. Wakubwa hawakatazwi katuni. Zipo nzuri za nyumbani, kama Ubongo Kids iliyoanza Dar es Salaam mwaka 2014. Hata Tinga Tinga Tales, iliyotengenezwa Nairobi, ilichukua mtindo wake kwenye uchoraji wa Edward Saidi Tingatinga, mzaliwa wa Tunduru, hukuhuku Ruvuma.

Kwa hiyo daftari la hesabu libaki la hesabu. Mwaka wa masomo ukiisha, chana karatasi zilizobaki safi kwenye madaftari ya zamani, zikate sawasawa, zishone kwa uzi upande mmoja, umkabidhi mchoraji wako. Pini na mkasi shika wewe kama bado ni mdogo.