Lugha ya Karakana na Lugha ya Kitini: Njia ya Kumbakiza Mwanafunzi katika Chuo cha Ufundi Stadi

1.0 Utangulizi

Makala haya yanajadili nafasi ya lugha katika kumwezesha mwanafunzi wa ufundi stadi nchini Tanzania kufaulu na kudumu chuoni hadi amalize mafunzo yake. Kuacha masomo kumezoeleka kuelezwa kwa sababu za nje ya darasa: karo, nauli, umbali na majukumu ya nyumbani. Sababu hizo ni za kweli. Hata hivyo, Vincent Tinto, akichunguza elimu ya juu mwaka 1975, alionyesha kwamba uamuzi wa kuondoka hutegemea pia jinsi mwanafunzi anavyoungana na maisha ya kitaaluma na ya kijamii ya chuo. Hoja inayotetewa hapa ni kwamba, katika ufundi stadi, lugha ndiyo mlango wa kuingilia katika maisha hayo ya kitaaluma.

2.0 Chanzo cha Tatizo

Mamlaka ya Elimu na Mafunzo ya Ufundi Stadi (VETA) iliundwa kwa sheria ya mwaka 1994. Miongoni mwa wanaojiunga na vyuo vya aina hii wamo waliohitimu darasa la saba, ambao wengi wao walisoma kwa Kiswahili, lugha ya kufundishia katika shule za msingi za umma tangu mwaka 1967. Vitabu vya mitambo, kwa upande mwingine, aghalabu huandikwa kwa Kiingereza. Kwa hiyo kijana mwenye mikono myepesi karakanani huweza kuonekana mzito darasani. Mwalimu akiuchukua ukimya wake kuwa ni ujinga, mwanafunzi naye huishia kuamini hivyo. Na anayeamini hivyo haoni sababu ya kubaki.

3.0 Mfano wa Somo la Umeme

Mwanafunzi aliyewahi kuwa kibarua wa fundi umeme hulijua neno "shoti", na amekwisha kuona fyuzi ikiungua. Mwalimu akianzia hapo, aweza kumwonyesha kwamba kifaa chenye ukinzani wa omu 46 kikiungwa kwenye umeme wa volti 230 hupitisha mkondo wa ampea 5. Nyaya zikigusana na ukinzani ukashuka hadi omu 1, mkondo hupanda kuelekea ampea 230. Nyaya hupata moto na fyuzi hukatika. Hiyo ndiyo kanuni ya Ohm. Istilahi za Kiingereza zikifuata baadaye, zitapachikwa juu ya dhana iliyokwisha kueleweka. Somo likianza na fomula ya Kiingereza, mwanafunzi huyohuyo atakariri herufi tatu asizoweza kuzihusisha na shoti anayoijua.

4.0 Hitimisho

Haya hayana maana kwamba Kiingereza kiachwe, kwani fundi atakihitaji asomapo maelekezo ya mashine. Linalopendekezwa ni mpangilio: neno la karakana litangulie, istilahi sanifu ya Kiswahili ifuate, kisha ya Kiingereza, na kila fani iwe na orodha ya istilahi hizo tangu juma la kwanza. Aidha, mwanafunzi apewe nafasi ya kueleza kwa mdomo kile anachokitenda kabla ya kupimwa kwa maandishi. Hatua hizi hazilipi karo ya mtu, lakini humwondolea mwanafunzi sababu mojawapo ya kuondoka ambayo chuo chenyewe kina uwezo wa kuiondoa.