Fedha ya Potosí na Mkonge wa Korogwe

Abiria atokaye Segera kwenda Korogwe hupita kati ya mashamba ya mkonge. Na akishika njia ya Handeni, macho yake hukutana na mahindi. Mimea yote miwili ni wageni. Huo wa kwanza Wazungu huuita kwa jina la Sisal, bandari ndogo ya Yucatán katika nchi ya Meksiko. Huo wa pili wahenga wetu waliupa jina la Uhindi, ilhali asili yake ni Meksiko hiyo hiyo. Wala kosa hilo la jina lisituchekeshe, kwani Columbus mwenyewe, nahodha wa wafalme wa Hispania, aliwaita wenyeji wa huko Wahindi, na jina likawaganda hata leo. Atakaye kujua kwa nini mkulima wa Handeni anapalilia mmea wa Meksiko hana budi kurudi nyuma zaidi ya miaka mia tano.

Hispania haikuzaliwa dola kubwa. Mwaka 1469 Isabella wa Castile aliolewa na Ferdinand wa Aragon, na falme mbili maskini zikaunganishwa kwa ndoa. Januari 1492 waliutwaa mji wa Granada, ngome ya mwisho ya Waislamu katika nchi ile. Oktoba mwaka huo huo Columbus akatia nanga ng'ambo ya bahari ya Atlantiki. Baada ya hapo mambo yalikwenda mbio. Mwaka 1521 Cortés aliuangusha mji wa Tenochtitlan. Mwaka 1532 Pizarro alimkamata Atahualpa, mfalme wa Wainka. Vitabu vya wakoloni vilipenda kusimulia habari hizo kana kwamba askari mia chache walishinda mataifa kwa ushujaa wao tu. Ukweli ni kwamba Cortés alikuwa na maelfu ya wapiganaji wa Tlaxcala, maadui wa zamani wa Tenochtitlan, na ugonjwa wa ndui uliua watu wengi kuliko upanga. Msomaji wa nchi hii, anayejua jinsi Wajerumani walivyotumia ugomvi wa majirani kuingia bara, hatashangaa.

Je, kwa nini basi Wahispania hawakufika kwetu? Mwaka 1494, katika mji wa Tordesillas, wafalme wa Hispania na wa Ureno walichora mstari baharini na kugawana dunia, magharibi kwa Hispania, mashariki kwa Ureno. Pwani yetu ikaangukia fungu la Wareno bila hata mtu mmoja wa Kilwa au Mombasa kuulizwa. Ndiyo maana mwaka 1498 aliyebisha hodi alikuwa Vasco da Gama.

Hata hivyo mfalme wa Hispania alitutawala, jambo ambalo wengi wetu hatukulisoma shuleni. Mwaka 1580 kiti cha Ureno kilikosa mrithi, na Philip wa Pili wa Hispania akakitwaa. Kwa miaka 60 yeye, mwanawe na mjukuu wake walivaa taji zote mbili. Ngome ya Mombasa, iliyoanza kujengwa mwaka 1593, ilijengwa kwa jina la mfalme huyo aliyekaa karibu na Madrid. Na Yusuf bin Hasan, Sultani wa Mombasa aliyelelewa Goa na kubatizwa Jerónimo, alipomuua kapteni wa Kireno mwaka 1631 na kuiteka ngome, alikuwa anaasi milki ile ile iliyotawala Meksiko na Peru. Jeshi lililotumwa kutoka Goa kumrudi lilishindwa kumng'oa. Ureno ilijitenga na Hispania mwaka 1640.

Lakini nguvu ya Hispania haikuwa katika ngome. Ilikuwa katika mlima mmoja wa Potosí, katika nchi iitwayo leo Bolivia, ambako fedha iligunduliwa mwaka 1545. Lugha yetu haitofautishi fedha ya madini na fedha ya matumizi, na katika habari hii kutotofautisha huko ni haki kabisa. Wenyeji waliingizwa machimboni kwa zamu za lazima, vijiji vikitakiwa kutoa mtu mmoja katika kila wanaume saba. Madini yalivuka bahari hadi Seville, kisha yakapita tu: kwa mabenki wa Genoa na Ujerumani, kwa askari wa kukodiwa, kwa wafanyabiashara wa China na Bara Hindi. Mfalme aliyemiliki mlima wa fedha alishindwa kulipa madeni yake mwaka 1557, tena 1575, tena 1596.

Sarafu za milki hiyo zilifika hata kwetu. Wazee wa pwani waliziita reale ya mzinga, kwa kuwa nguzo mbili zilizochorwa juu yake waliziona kama mizinga. Na neno reale lenyewe ni la Kihispania, maana yake ya kifalme. Katika njaa kuu ya miaka ya 1830 Wazigua wengi walichukuliwa majahazini na kuuzwa utumwani mpaka pwani ya Somalia, ambako vizazi vyao wamehifadhi Kizigua hadi zama zetu. Enzi hizo bei za soko la Unguja zilitajwa kwa reale, ya mzinga au ya Sham.

Mkonge ulikuja baadaye. Mwaka 1893 Mjerumani Richard Hindorf aliagiza miche 1,000 kutoka Florida, ambako ilikuwa imepelekwa kutoka Yucatán. Iliyofika hai ni 62. Jina walilopewa wageni hao, mkonge, lilikuwa la mmea wetu wa porini wenye nyuzi. Reli ilifika Korogwe mwaka 1902, mashamba yakaenea Ngombezi, Magunga na Mazinde, na wafanyakazi wakaletwa kwa mkataba kutoka mbali, wakiitwa manamba, maana kila mmoja alikuwa na namba yake. Hawakuwa watumwa wa Potosí, lakini kipande chenye siku 30 za kutimiza hakikuwa mbali sana na zamu ile.

Mwaka 1964 nchi ilitoa zaidi ya tani 200,000 za katani, nyingi zikiuzwa nje zikiwa ghafi ili wengine wasokote kamba. Nyuzi zitokanazo na mafuta ziliposhusha bei, mashamba hayo, ambayo mengi yalitaifishwa mwaka 1967, yaliporomoka. Mwishoni mwa miaka ya 1990 mavuno hayakufikia hata sehemu moja ya tano ya yale ya 1964. Mkonge usiokatwa hutoa maua mara moja, kisha hufa. Wanavijiji walikata milingoti yake wakaezekea nyumba.