Ardhi Chini ya Utakatifu: Kupanda na Kushuka kwa Wanambudiri wa Kerala

Machi 1925, Mahatma Gandhi alifunga safari hadi Vaikom, mji mdogo wa kusini-magharibi mwa India, kwenda kuzungumza na bwana mmoja wa tabaka la makuhani. Ugomvi ulikuwa juu ya barabara. Watu wa matabaka ya chini hawakuruhusiwa kupita kwenye njia zilizolizunguka hekalu la mungu Shiva la mji huo, na kwa mwaka mzima wanaharakati walikuwa wakijipanga kuzipita, wakikamatwa na kutiwa ndani. Bwana yule, mkuu wa nyumba iitwayo Indanthuruthil Mana, alikubali kumsikiliza Gandhi lakini hakumkaribisha ndani, kwa kuwa Gandhi hakuwa Mbrahmini. Mazungumzo yalifanyika mgeni akiwa amekalishwa nje. Leo nyumba hiyohiyo ni ofisi ya chama cha wagema tembo, na ugemaji ndio uliokuwa kazi ya jadi ya Waezhava, mojawapo ya matabaka yaliyozuiwa barabarani siku zile.

Ili kuelewa jinsi nyumba ya kuhani ilivyofika mikononi mwa wagema, inabidi kuwafahamu Wanambudiri, Mabrahmini wa Kerala, jimbo ulipo mji huo. Wamekuwa wachache siku zote, ila kwa karne nyingi hakuna aliyekaa juu yao: wafalme waliwainamia, mahekalu makubwa yalikuwa chini yao, na mashamba mengi ya mpunga yalikuwa mali yao. Husemwa kwamba cheo chao kilitokana na dini. Naona historia yao inaonyesha jambo zito zaidi. Dini iliwapa jina, ardhi ikawapa nguvu, na kanuni ya ndoa ikailinda ardhi hiyo isigawanyike. Gharama ya kanuni hiyo ililipwa na wengine, wakiwemo mabinti zao wenyewe.

Makuhani wenye mashamba

Katika mpangilio wa kale wa Kihindu, Mabrahmini ni wa kwanza kati ya makundi manne makuu, na kazi yao ni kuhifadhi Veda, yaani maandiko matakatifu ya kale, kufundisha na kuendesha ibada. Lakini hali zao hazifanani kila mahali. Kwingi nchini India kuhani aliweza kuwa maskini anayeishi kwa sadaka za wenye mali. Kwa Wanambudiri, kuhani na mwenye mali walikuwa mtu mmoja.

Simulizi ya asili yao husema kwamba Parashurama, mmoja wa avatari wa mungu Vishnu, alirusha shoka lake baharini, maji yakarudi nyuma, na nchi iliyojitokeza akawapa Mabrahmini. Simulizi hiyo ilifanya kazi ya hati ya shamba: ikiwa nchi nzima walipewa wao tangu siku ya kwanza, basi kila mkulima mwingine ni mpangaji tu. Maandishi ya mawe na mabamba ya shaba ya kati ya karne ya 9 na ya 12, enzi za wafalme wa Chera, yanatuonyesha jinsi mambo yalivyokwenda. Makazi ya Mabrahmini, ambayo mapokeo huyahesabu kuwa 32, yalijengwa kuzunguka mahekalu, na mahekalu yakawekewa mashamba. Ufalme huo ulipovunjika katika karne ya 12, nchi iligawanyika kuwa falme ndogondogo zilizopigana zenyewe kwa zenyewe, na mashamba ya mahekalu yakabaki mikononi mwa waliokuwa wakiyasimamia.

Mabaharia wa pwani ya Afrika Mashariki waliijua njia ya kwenda nchi hiyo. Aprili 1498 Vasco da Gama alipata Malindi rubani aliyemvusha hadi Kalikuti, bandari kuu ya Malabar, upande wa kaskazini wa Kerala. Mfalme aliyemkuta huko, aliyeitwa kwa cheo Samuthiri, hakuwa Mnambudiri. Alirithi kiti kwa upande wa mama, na katika koo za kifalme za namna hiyo baba mzazi mara nyingi alikuwa Mnambudiri. Hapo ndipo tunapokutana na ile kanuni ya ndoa.

Kaka mkubwa peke yake

Nyumba ya Wanambudiri huitwa illam. Kwa desturi, mtoto wa kiume wa kwanza ndiye pekee aliyeoa binti wa tabaka lake na kuzaa warithi. Wadogo zake walifunga uhusiano uitwao sambandham na wanawake wa tabaka la Wanair au wa koo za kifalme, jamii zilizofuata ukoo wa mama. Mwanamume alikwenda kwa mwenzake usiku na kurudi kwao asubuhi. Watoto walikuwa wa nyumba ya mama: walilelewa huko, walirithi kwa wajomba zao, na hawakuwa na dai lolote katika illam ya baba. Hata kula pamoja na baba yao hawakuruhusiwa, kwa kuwa hawakuwa wa tabaka lake. Kwa mpango huo, nyumba yenye wana sita ilipata mrithi mmoja, na shamba likapita kizazi hadi kizazi bila kukatwa vipande.

Sasa tuangalie upande wa mabinti. Kila nyumba ikioza mwana mmoja tu, mabinti wengi watakosa waume. Baadhi yao waliolewa wawili, watatu au hata wanne na bwana mmoja, mara nyingine mzee wa kuwazaa. Wengine walizeekea kwa baba zao. Mwanamke wa Kinambudiri aliitwa antarjanam, mtu wa ndani, na ndani ndiko alikoishi. Alipotoka alijifunika shuka mwili mzima, akashika mwavuli mpana wa majani uliomficha uso, na mtumishi wa kike akafuatana naye kuwaonya wapita njia wasogee kando.

Aliyeshukiwa kuzini alifunguliwa shauri lililoitwa smarthavicharam. Kwanza alihojiwa mtumishi wake, kisha mwenyewe akatengwa katika kibanda, na tangu hapo waliomhoji hawakumwita kwa jina. Walimtaja kuwa “kitu”. Akipatikana na hatia, jamaa zake walimfanyia ibada ya maiti naye yu hai, akafukuzwa. Mwaka 1905, katika ufalme wa Cochin, mwanamke aliyeitwa Kuriyedath Thatri alihojiwa kwa namna hiyo, naye akawataja mmoja baada ya mwingine wanaume waliolala naye. Walizidi 60, na miongoni mwao walikuwamo watu wenye majina makubwa. Mfalme aliamuru nao wapewe nafasi ya kujitetea, na mwishowe waliopatikana na hatia wakatengwa na jamii kama yeye. Shauri lililokuwa limebuniwa kumhukumu mwanamke liliwageukia mabwana, na tangu hapo hakuna illam iliyoweza kudhani kwamba imesalimika.

Elimu ya kifua

Pamoja na hayo, uadilifu unatudai tuseme pia walichohifadhi. Mtoto wa kiume alivishwa uzi mtakatifu akiwa na umri wa miaka saba au minane hivi, kisha akakaa mbele ya mwalimu kwa miaka kadhaa kujifunza Veda kwa sikio, bila kitabu. Mwalimu alikishika kichwa cha mwanafunzi na kukiinamisha, kukiinua au kukielekeza upande kufuatana na kupanda na kushuka kwa sauti ya kila silabi, hadi mwili nao ukakariri. Aliyepitia chuoni akahifadhi Kurani mbele ya ustadhi wake ataielewa nidhamu hiyo upesi. Mwaka 1975, katika kijiji cha Panjal, Wanambudiri waliendesha ibada ya moto iitwayo Agnicayana kwa siku 12, juu ya madhabahu ya matofali yenye umbo la ndege, na mtaalamu Frits Staal akaisimamia irekodiwe kwenye filamu. Mbuzi waliotakiwa na maandiko ya kale hawakuchinjwa, kwa sababu watu walipinga. Badala yao viliwekwa vifurushi vya unga wa mchele. Mwaka 2003 UNESCO iliutambua usomaji wa Veda kwa sauti kuwa urithi wa binadamu wote.

Lakini elimu hiyo ilikuwa imezungushiwa ukuta. V. T. Bhattathiripad, aliyezaliwa 1896, alikuwa kuhani kijana katika hekalu dogo, mantra zake, yaani maneno ya ibada, akizijua barabara. Siku moja mtoto wa kike wa shule alimwomba amsaidie hesabu. Hakuweza. Alikuwa anakaribia miaka 17, na hata herufi za Kimalayalam, lugha yake ya kila siku, hakuzijua. Alimwomba mtoto huyohuyo amfundishe kusoma. Kuhani huyo ndiye aliyekuja kuwa mmoja wa wabomoaji wakuu wa utaratibu wa zamani.

Nguvu mbili, za nje na za ndani

Msukumo wa kwanza ulitoka nje, kwa walioumizwa zaidi. Kila tabaka la chini lilikuwa limepangiwa umbali wa kukaa kutoka kwa Mnambudiri, kwa imani kwamba kumkaribia tu kulimtia najisi. Mwaka 1888 Narayana Guru, Mwezhava, alisimika sanamu ya Shiva huko Aruvippuram, kazi iliyohesabiwa kuwa ya Mabrahmini. Mwaka 1893 Ayyankali, wa tabaka la Wapulaya lililotumikishwa mashambani, alipanda gari la ng'ombe na kupita katika barabara ya umma ambayo watu wake walikatazwa. Vaikom ya 1924 na 1925 ilitokana na harakati hizo. Tarehe 12 Novemba 1936, mfalme wa Travancore alitangaza kwamba mahekalu ya serikali yake yako wazi kwa Wahindu wote.

Ndani ya tabaka lenyewe, chama cha Yogakshema Sabha kilianzishwa mwaka 1908 kulinda maslahi ya Wanambudiri, lakini vijana walikigeuza kuwa jukwaa la kudai mageuzi. Mwaka 1929 V. T. alitoa tamthilia iliyoonyesha binti anayelazimishwa kuolewa na mzee. Mwaka 1934 wanamageuzi walifungisha ndoa ya mjane, jambo lililokuwa mwiko, na walioshiriki wakatengwa. Wanawake nao hawakungoja kusemewa: Lalithambika Antharjanam aliandika hadithi kuhusu maisha ya ndani ya illam, na mwaka 1948 antarjanam wenyewe walipanda jukwaani na tamthilia waliyoitunga kwa pamoja kuhusu mwanamke anayejitafutia riziki kwa kazi yake.

Sheria za miaka ya 1930 ziliwapa ndugu wadogo wa kiume haki ya kuoa ndani ya tabaka na kudai sehemu ya mali. Hapa msingi wenyewe uliguswa. Kumpa kila mtoto haki yake kulimaanisha kugawa shamba, na ukuu wa illam ulikuwa umekaa juu ya shamba lisilogawanywa.

Waingereza walikuwa wameichelewesha siku ya mashamba hayo kugawanywa. Walipoichukua Malabar mwaka 1792, mahakama zao zilimhesabu bwana wa ardhi, janmi, kuwa mmiliki kamili, ilhali desturi ilikuwa imewawekea wapangaji na walimaji sehemu yao. Kuwafukuza watu mashambani kukawa rahisi, na chuki ikalimbikizana. Aliyekuja kuikata mizizi ya umiliki huo alikuwa mwana wa wenye ardhi: E. M. S. Namboodiripad, Mnambudiri na mkomunisti, aliyekuwa waziri mkuu wa kwanza wa jimbo la Kerala Aprili 1957. Katika siku zake za mwanzo ofisini, serikali yake ilipiga marufuku kuwafukuza wapangaji. Iliondolewa madarakani 1959, lakini kazi haikufa. Kuanzia tarehe 1 Januari 1970 upangaji wa mashamba ulifutwa, na mlimaji akawa na haki ya kuwa mwenye shamba. Illam nyingi zilibomolewa na mbao zake kuuzwa. Nyingine zimebaki kuwa mahali pa kupigia filamu.

Kilichobaki kugawanywa

Ardhi ilipoondoka, Wanambudiri walibaki na kile walichosema tangu awali kuwa ndicho chanzo cha heshima yao: ujuzi wa ibada. Sasa ujuzi huo nao unahojiwa. Mwaka 2002 Mahakama Kuu Kabisa ya India iliamua kwamba asiye Mbrahmini aliyefunzwa ipasavyo anaweza kuwa kuhani wa hekalu. Mwaka 2017 bodi ya mahekalu ya Travancore ilipendekezewa makuhani 36 wasio Mabrahmini, sita kati yao Wadalit, watu ambao babu zao hawakuthubutu hata kuisogelea milango hiyo. Lakini katika Sabarimala, hekalu linalovuta mahujaji kwa mamilioni, kuhani mkuu hana budi kuwa Mbrahmini wa Kerala, na mwaka 2024 Mahakama Kuu ya jimbo ilikataa maombi ya kuliondoa sharti hilo.

Wanaolitetea husema wanalinda mapokeo, na mapokeo hayo, ya sauti, ishara na subira, yanastahili kulindwa. Lakini historia ya Wanambudiri imekwisha kutupa jibu. Kilichowapa watu uchungu kwa karne nyingi hakikuwa kisomo cha Veda. Kilikuwa shamba lililofungwa, binti aliyefungiwa na mtoto aliyekatazwa kula na baba yake, vyote vikihalalishwa kwa jina la kisomo hicho. Kufungwa huko kumeondolewa na kisomo kipo, kinasikika bado Panjal na katika mji wa Thrissur. Shamba likigawanywa kila mmoja hupata kipande kidogo. Ujuzi ukifundishwa kwa mwingine, mwalimu habaki na pungufu. Kwa hiyo ukuhani wapewe walioukalia chini na kuusoma, wawe wamezaliwa nyumba yoyote ile.