Kaakaa la mtoto hufungwa kabla mimba haijaonekana

Gusa nyuma ya meno ya juu kwa ncha ya ulimi, kisha uivute polepole kuelekea kooni. Utahisi mstari katikati ya kaakaa. Hapo ndipo pande mbili za kaakaa lako zilipoungana ulipokuwa tumboni mwa mama yako.

Uso wa mtoto huanza kama vinundu vya nyama laini kuzunguka mdomo, kiasi cha wiki 4 baada ya mimba kutungwa. Kufikia wiki ya 7, vinundu vya pembeni huwa vimeungana na vya katikati, na mdomo wa juu umekamilika. Visipoungana, mtoto huzaliwa na mdomo wa sungura.

Kaakaa hufuata. Vipande viwili huota kutoka taya la juu na kuning'inia kandokando ya ulimi. Karibu na wiki ya 8 ulimi hushuka, vipande huinuka, hulala na kukutana katikati. Lakini kukutana hakutoshi. Utando mwembamba unaofunika kingo zake sharti utoweke ili nyama zishikane. Kazi hiyo huanzia mbele na kwisha nyuma karibu na wiki ya 12. Hatua moja ikikwama, pengo hubaki.

Kwa nini ikwame? Mara nyingi ni urithi pamoja na mambo mengine. Sigara, pombe na baadhi ya dawa za kifafa huongeza hatari. Hata hivyo, usiache dawa zako kabla ya kumwona daktari. Anza vidonge vya asidi ya foliki kabla ya kushika mimba, kwani wengi hufika kliniki kaakaa likiwa limeshafungwa. Si laana, na mama asilaumiwe.

Kumbuka pia kwamba kaakaa linaweza kuwa na pengo hata kama mdomo ni mzima. Mtoto akishindwa kunyonya, au maziwa yakimtoka puani, omba akaguliwe kwa tochi hadi kwenye kimio. Wakati huo mkamulie maziwa, umpakate wima na kumnywesha polepole kwa kikombe au kijiko. Mdomo huweza kushonwa kuanzia miezi 3 hivi, na kaakaa akikaribia au kupita kidogo mwaka 1, kabla hajazoea kusemea puani. Masikio yake pia yapimwe, kwa sababu watoto hawa huugua masikio mara kwa mara.