Msikiti Uliochorwa na Mkristo

Sogeeni, wanangu, leo twende Jakarta, jiji kubwa la Indonesia. Nchini humo, karibu watu tisa katika kila kumi ni Waislamu.

Waindonesia walipojitangazia uhuru mwaka 1945, walitamani msikiti wa kumshukuru Mungu. Jina likawa Istiqlal, yaani Uhuru. Lakini ujengwe wapi? Makamu wa Rais, Mohammad Hatta, alitaka uwe kwenye makazi ya Waislamu, tena hakutaka fedha ziishie kwenye kubomoa ngome ya Waholanzi, wakoloni wao wa zamani. Rais Sukarno akashikilia palepale penye ngome, mkabala na kanisa kuu la Wakatoliki, majirani waonane. Neno lake likapita.

Yakaitishwa mashindano ya ramani. Mwaka 1955 akashinda Friedrich Silaban, mtu wa kabila la Wabatak kisiwani Sumatra, mtoto wa mchungaji. Mwoneni pale mezani, Mkristo huyu, rula mkononi, akipima mahali ambapo Mwislamu ataweka paji la uso! Kuba akaipa upana wa mita 45, ukumbusho wa mwaka wa uhuru. Ujenzi ulisuasua hadi 1978, Sukarno keshafariki. Silaban yeye aliwahi kuuona msikiti umekamilika.

Siku ya Krismasi, katika uwanja wa msikiti huegeshwa magari ya waumini wa kanisa lile. Siku hizi ipo hata njia ya chini ya ardhi kati ya nyumba hizo mbili. Wameiita Silaturahmi, na nyinyi mliosoma madrasa mnajua: ni kuunga udugu.

Ila msidhani kila mtu huko amepata nafasi yake. Serikali inatambua dini sita: Uislamu, Uprotestanti, Ukatoliki, Uhindu, Ubuddha na Ukonfyusio. Wafuasi wa imani ya Marapu kisiwani Sumba hawamo. Parmalim hawamo, nao ni Wabatak kama Silaban, walioshika imani ya mababu. Kitambulisho cha huko kina mstari wa dini, na wao mstari wao uliachwa mtupu. Fikiria umekwenda kuomba kazi: karani anaisoma kadi, anafika pale patupu, anainua macho kukutazama. Wengine waliandikisha dini isiyo yao ili wasisumbuliwe. Jambo hilo linaniuma sana.

Wakaenda mahakamani. Novemba 2017, Mahakama ya Katiba ikaamua mstari ule ujazwe. Sasa kadi zao husema kwamba wanamwamini Mungu Mmoja. Jina lenyewe, Marapu au Parmalim, bado haliandikwi.